Wimbo wa Mama Uliokuwa wa Mwenyekiti

Baba mkubwa alikuja kuchukua redio kabla watu hawajamaliza kutoka matangani. Sufuria za kuazima zilikuwa bado zimefudikizwa nje, na wanawake wa kanisani walikuwa wakikunja mablanketi waliyolalia. Aliingia bila kubisha hodi, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ambayo baba aliitengeneza kwa mbao za sanduku la chai, akaishusha redio, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Hii itakaa kwangu," akamwambia mama. "Redio si kitu cha kukaa na mwanamke peke yake. Itavuta watu."

Mama alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa, miguu imenyooshwa. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Nilisimama mlangoni nikatanua mikono, vile mtu anavyozuia ndama wasitoke zizini. Baba mkubwa alicheka, akanisukuma kando kwa goti, akapita. Jioni alimtuma mwanawe kuja kuchukua gitaa. Chupa ya soda na msumari wake waliviacha, kwa sababu hawakujua kwamba hivyo pia ni vyombo vya muziki.

Nimezika watu wengi tangu siku hiyo, na wengine niliwasamehe wakiwa bado hai. Hiyo siku yenyewe sijaisamehe, na sina mpango wa kuisamehe.

Tuliishi kwenye laini za wafanyakazi katika shamba la mzungu mmoja, upande wa Soy. Laini zilikuwa vibanda vya udongo vilivyopangwa nyuma ya ghala la ngano, karibu sana hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Baba alikuwa dereva wa trekta. Alitoka magharibi, ambako shamba la babu lilikuwa limegawanywa na kugawanywa mpaka likabaki la kutosha makaburi tu. Baba mkubwa, kaka yake, ndiye aliyetangulia kuja huku na kumtafutia kazi. Alikuwa nyapara. Alivaa koti hata jua likiwaka, na alipenda kutukumbusha kwamba kama si yeye tungekuwa bado tunakula mihogo nyumbani.

Redio baba aliinunua Eldoret, mji ambao wazee wa wakati huo walikuwa bado wanauita Sisibo, kwenye duka la Msomali aliyeuza kila kitu kuanzia sukari mpaka tandiko la punda. Alirudi nayo juu ya lori la maziwa, ameipakata imefungwa kwa leso ya mama. Usiku huo hakuna mtu katika laini yetu aliyekula chakula kwake. Wote walikuwa kwetu, na waliokosa nafasi ndani walisimama nje wakiegemea ukuta.

Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo redio ilikuwa na sheria. Habari, salamu za wasikilizaji, muziki wa Jumamosi, basi. Mwanasiasa akianza kuhutubia, baba aliizima. "Huyu anatumalizia betri," alisema. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na mahindi, zikapata nguvu kidogo, za kutosha nyimbo mbili tatu.

Baba ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Watu wengi husikia mwimbaji na kuishia hapo. Yeye aliniweka katikati ya magoti yake, akanishika masikio kama mtu anayeshika vipini vya baiskeli, akaniambia, "Gitaa la kwanza linaongea na wewe. La pili linaongea na miguu yako. Nitafutie la pili." Nililitafuta. Siku nilipolipata, ndani ya wimbo mmoja wa Kikongo, nilipiga kelele kana kwamba nimeona mtu ninayemjua katikati ya umati. Baba alifurahi mpaka akaniinua.

Wimbo ukiisha alizima redio haraka kabla haujamtoka kichwani, akachukua gitaa lake, akaanza kuutafuta kwenye nyuzi. Kazi yangu ilikuwa chupa. Unaikumbatia chupa ya soda, unaikwaruza na kuigonga kwa msumari, na hiyo ndiyo ngoma yako. Niliwahi kukimbilia mbele kwa furaha, naye akaniambia, "Chupa haikimbii. Chupa inangoja."

Na mama alikuwa jikoni, yaani hatua chache kutoka tulipokaa, akikoroga ugali. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua maneno ya Kikongo, kwa hiyo alitia yake, kwa lugha yetu ya nyumbani. Wimbo ambao labda ulikuwa wa mapenzi ya Kinshasa, kwetu ulihusu ng'ombe wa jirani anayekula kabichi, au nyapara anayevaa koti kwenye jua. Baba alicheka mpaka vidole vikapoteza njia. Sauti ya mama haikuwa nyororo. Ilikuwa na mkwaruzo, kama kitambaa kipya kinapochanwa, na ilikuwa ikiingia kila kona ya nyumba. Nimesikia waimbaji wengi tangu hapo, kwenye redio na kwenye sahani za santuri. Sijasikia sauti kama hiyo, na sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu.

Uhuru ulipokuja, mzungu wetu alikaa miaka michache, akichungulia. Kisha akatangaza anauza. Shamba zima, na ghala, na nyumba yake ya mawe, na sisi tukiwa ndani kama tulivyokuwa. Wafanyakazi wakaunda kampuni ya kununua. Kila mtu alitakiwa kununua hisa, kidogo kidogo, na baba mkubwa akachaguliwa mwenyekiti, kwa sababu alijua kuongea na maofisa na kwa sababu alikuwa na koti.

Baba alitoa karibu mshahara wake wote. Mama aliuza kuku, akauza cherehani aliyopewa na mamake, akaenda kuchuma pareto kwenye mashamba ya watu mpaka vidole vikawa vya njano. Tulikula sukuma bila mafuta. Jumapili baba alitupeleka kwenye kona ya shamba karibu na kijito, penye miti michache ya miwati, akasimama hapo kama mtu aliye sebuleni kwake. "Nyumba itaangalia huku," alisema. "Mlango huku. Na hapa nitaweka benchi la kupigia gitaa, mvua isinifikie."

Shida ilikuwa watu. Wengi waliogopa kutoa pesa yao kwa kamati. Mikutano ilifanyika ghalani, na baba mkubwa alihutubia mpaka watu wakasinzia. Ndipo siku moja mama, akiwa amekaa na wanawake nyuma, akaanza kuimba. Muziki wake alikuwa ameutunga akipalilia, nilikuwa nimemsikia akiutafuta kwa majuma mengi, akiuvunja na kuujenga upya, akiniuliza, "Hapa uende juu au ushuke?" Nilimwambia ushuke, akaushusha. Maneno yalikuwa mepesi. Yeye aliuliza: udongo huu uliokula jasho la baba zetu ni wa nani? Na wanawake waliitikia: ni wetu. Mvua hii iliyotunyeshea tukilimia wengine ni ya nani? Ni yetu.

Ghala lilisimama. Wanaume walipiga miguu chini mpaka vumbi la ngano likatuingia puani. Jioni hiyo watu walijipanga kununua hisa. Kuanzia hapo hakuna mkutano uliofanyika bila wimbo wa mama. Ulitoka kwetu ukafika Sugoi na mashamba mengine ambako watu wetu walikuwa wanajichanga vivyo hivyo. Niliwahi kuusikia ukiimbwa na wasichana nisiowajua, kisimani, na nikawakatiza kuwaambia, "Hapo unashuka, haupandi."

Baba hakuiona siku ya kugawa shamba. Alinyeshewa akilima usiku na mchana kumalizia msimu, akapata homa ya mapafu, na gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana hakukuwa tena na haja ya gari. Baba mkubwa aliongoza mazishi. Kisha akaja kuchukua redio.

Sasa nieleze kilichonikera zaidi ya kuchukuliwa. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa laini, na Jumamosi nilikuwa nasikia redio yetu kutoka kwake. Yetu. Niliijua ilivyokuwa ikikoroma kabla ya kushika stesheni. Nilishindwa kujizuia. Nilikwenda nikasimama chini ya dirisha, nikaegemea ukuta, nikatafuta gitaa la pili. Baba mkubwa akagundua, maana siku moja alitoa kichwa nje.

"Wewe! Unataka muziki?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Muziki si wa bure. Leta maji kwanza."

Nilileta maji. Nikafika na mtungi, akasema ng'ombe hawajapewa chumvi. Nikawapa chumvi. Nikarudi, wimbo umeisha, mtu anasoma bei za mahindi. Ilikuwa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilijua ananichezea, na bado nilikwenda, na njaa hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi, kwamba alijua mahali pa kunishika. Kama ningeweza kuacha kupenda muziki, ningeacha, ili tu nimnyime mtu huyo furaha. Sikuweza.

Mama aliniuliza, "Unatoka wapi umelowa hivyo?"

"Kuteka maji ya baba mkubwa."

"Chukua chupa," akasema. Akaketi, akaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, nyimbo zile za Kikongo zenye maneno yetu, nami nikigonga, mpaka giza likaingia. Hatukuwa na gitaa. Nilikuwa nalisikia pengo lake wazi kabisa, kama ulimi unavyosikia pengo la jino.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa redio. Walikuwa wanazunguka kurekodi kwaya za vijijini kwa vipindi vya lugha za nyumbani. Baba mkubwa alikuja kwetu mwenyewe, akiwa mpole ajabu.

"Shemeji, hii ni nafasi ya kampuni yetu kujulikana. Wewe utaongoza. Kamati haiwezi kusahau mtu kama wewe siku ya kugawa mashamba."

Mama alivaa gauni lake la kanisani. Walirekodi ghalani, kwa mashine iliyokuwa na magurudumu mawili ya utepe yanayozunguka taratibu. Baada ya kumaliza, kijana wa redio alirudisha utepe na kuuachia. Mama akasikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Alishika mdomo. Aliniangalia mimi, si mtu mwingine, na macho yalikuwa yanauliza kama kweli ni yeye. Niliitikia kwa kichwa. Sijawahi kumwona amependeza vile.

Halafu nikaona baba mkubwa amemchukua yule kijana kando, anamwongelesha, na kijana anaitikia kwa kichwa.

Siku wimbo ulipotangazwa, baba mkubwa aliita laini nzima uani kwake. Redio yetu ilikuwa juu ya meza, imewekewa kitambaa cha kufuma. Mtangazaji akasema sasa tunasikiliza wimbo uliotungwa na mwenyekiti wa kampuni fulani ya wakulima, na kwaya yake. Akataja jina la baba mkubwa, lote, pamoja na la ubatizo.

Watu walipiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi, watu walewale waliomwona mama akianzisha wimbo ule ghalani. Wengine hawakusikia vizuri, wengine waliogopa, wengine walidhani ndivyo mambo ya redio yanavyoendeshwa. Nilipanda juu ya jiwe la kusagia nikapaza sauti: "Ni wa mama! Ni mama aliyeutunga!"

Baba mkubwa alicheka, mkono juu ya redio. "Mtoto huyu! Anadhani wimbo ni kuku, kila mmoja na wake. Wimbo ni wa kampuni. Na kampuni mwenyekiti ni nani?"

Watu wakacheka pia. Mama alinishika mkono, tukaondoka sauti yake ikiwa bado inaimba nyuma yetu. Iliisha kabla hatujafika nyumbani.

Nilitaka alie, au atukane. Aliosha vyombo. Nikamwuliza kwa nini hakusema kitu. "Nangoja shamba," akasema.

Siku ya kugawa shamba ilifika. Alikuja ofisa wa serikali kushuhudia, mtu wa kutoka mbali, asiyejua lugha yetu. Namba za vipande vya shamba ziliandikwa kwenye karatasi ndogo, zikakunjwa na kutiwa kofiani. Kila mwenye hisa alipita akaokota. Wanaume walifungua karatasi wakakimbia kama watoto, wengine wakapiga magoti. Mama alikuwa kwenye mstari, na mimi nyuma yake. Alipofika mbele, baba mkubwa alivuta kofia upande wake.

"Shemeji, wewe hupigi kura. Hisa ya ndugu yangu iko pamoja na yangu. Nimeshaokota kwa niaba yetu."

"Hisa ile tulilipa na marehemu," mama akasema. "Niliuza cherehani yangu."

"Nani anakataa? Shamba ni la ukoo. Wewe ni wa ukoo. Nitakujengea nyumba nyuma ya nyumba yangu, ulime, ule. Umekaa peke yako vya kutosha."

Hata mimi, kwa umri wangu, nilielewa maana ya nyumba ya nyuma. Mke wake alikuwa amekaa hapohapo, akaangalia chini.

Mama alitoka kwenye mstari. Alitembea mpaka mbele ya meza ya wageni, akageukia wanawake, akafungua mdomo. Ulikuwa wimbo uleule, sauti ileile, lakini maneno mengine. Aliuliza: jasho lililonunua shamba hili, mwenye koti analificha mfukoni, ni la nani? Na wanawake, kwa mazoea, wakaitikia kabla hawajafikiri: ni letu! Redio iliyoshushwa rafuni kaburi halijakauka, ni ya nani? Hapo niliona nyuso zikibadilika. Wanawake wengine walifunga midomo. Wengine, na hao siwasahau, wajane wawili na mama mmoja mzee aliyekuwa akipika chai ya wafanyakazi, waliongeza sauti: ni yetu! Kitanda unachonitengenezea nyuma ya nyumba yako, atakilalia nani? Yule mama mzee peke yake akaitikia: mbwa wako! Kicheko kikalipuka.

Baba mkubwa alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso. Ofisa alikuwa anatabasamu, anapiga kidole mezani kufuata mdundo. Aliinama akauliza kwa Kiswahili, "Wanasema nini hawa akina mama?"

"Wanashukuru serikali, bwana," baba mkubwa akajibu.

"Vizuri sana," ofisa akasema, akasimama akampigia mama makofi.

Nilikuwa karibu nao. Nilisikia kila neno. Nilisema, "Si kweli, anasema ameibiwa," lakini nilisema katikati ya makofi, na ofisa alinishika kichwani, akaniambia niimbe vizuri kama mama yangu. Mkono ule kichwani mwangu nausikia hata sasa ninapoandika, na nasaga meno.

Majuma machache baadaye trekta ilivunja laini ili palimwe. Tulihamia Eldoret, chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Huruma, ukuta wa mbao uliozibwa kwa makaratasi. Mama alipata kazi ya kufagia kwenye kiwanda cha nguo. Mimi nilipomaliza darasa la saba niliajiriwa na Msomali mwenye duka, siyo yule wa redio, mwingine, mcha Mungu aliyesema maneno machache. Nilipima sukari na unga. Redio yake ilikaa juu ya jokofu siku nzima bila sheria yoyote, na hapo nilisikiliza muziki mpaka nikashiba: taarabu, rumba, magitaa ya kwetu magharibi, nyimbo za Kihindi. Nilikuwa na furaha dukani humo. Lazima niseme hivyo pia.

Mama ndiye aliyeacha muziki. Hakuimba kanisani, hakuimba akipika. Nikianzisha wimbo, alinyamaza mpaka nichoke.

Mchana mmoja, duka limejaa, wimbo wake ukatokea redioni. Mkono wangu ulibaki ndani ya gunia la sukari. Mtangazaji alikuwa amelitaja jina la baba mkubwa, kama kawaida.

"Huyu anayeimba ni mama yangu," nikamwambia mwenye duka.

Aliniangalia. "Mama yako yule anayekuja kukuchukua jioni?"

"Yule."

Akaongeza sauti, akawaambia wateja wanyamaze. Wakasikiliza wote, ingawa wengi hawakuelewa lugha. Ulipoisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa kama mama yako anaimba redioni, wewe kwa nini unapima sukari yangu?"

Nilimaliza kupima, nikaenda nyuma ya duka, nikapiga ngumi gunia la unga mpaka mkono ukavimba.

Miaka ikapita. Baba mkubwa alikuwa mtu mkubwa sasa, na pikapu yake mwenyewe. Siku moja alikuja nayo mpaka Huruma, watoto wa mtaa wakiizunguka. Alikaa kwenye kiti chetu cha pekee. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Shemeji," akasema, "watu wanautaka ule wimbo, na hakuna anayeuweza. Nimejaribu wengine. Wanauharibu. Njoo uongoze, tusahau mambo ya zamani."

Nilitaka kummwagia maji ya vyombo. Mama alikausha mikono yake.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kabla sijaimba, utawaambia watu ni nani aliyeutunga."

"Hilo tu?" Akacheka. "Hilo ni dogo."

Nilimgombeza mama siku nzima. Aliniacha nigombeze.

Arusi ilifanyika palepale, kwenye kona ya kijito. Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa imejengwa mahali ambapo baba alituonyesha, na mlango wake uliangalia upande mwingine. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari. Chakula kilipoisha akasimama.

"Sasa kwaya itatuimbia ule wimbo wangu mnaoujua," akasema. "Shemeji, karibu."

Mama hakusimama. Kwaya ilikuwa imejipanga, inamtazama.

"Shemeji! Watu wanakungoja."

"Na mimi nangoja," mama akasema. Hakuwa na kipaza sauti, na hakukihitaji. Ile sauti yenye mkwaruzo ilifika mpaka kwa wapishi.

Baba mkubwa alitabasamu kwa wageni, akakohoa. Wakwe walianza kunong'onezana. Akasema, "Wimbo huu, kwa kweli, ulikuwa unaimbwa na shemeji yangu huyu."

"Kuimbwa au kutungwa?"

Bibi arusi aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

"Ulitungwa," baba mkubwa akasema. Kipaza sauti kilikwaruza. "Aliutunga yeye."

"Nani?" mama akauliza, kana kwamba hakusikia. "Sema wewe hukuutunga."

"Mimi sikuutunga."

Mama akasimama, akanyoosha leso yake. Watu wakaanza kupiga makofi wakidhani anaenda mbele. "Asante," akasema. "Nilikuja kusikia hilo." Akageuka akaenda barabarani, na mimi nyuma yake, huku kwaya ikibaki imefungua midomo.

Tulitembea kuelekea Soy kutafuta lori. Mama alikuwa mwepesi, anachuma majani ya kando ya njia na kuyanusa. Mimi nilikuwa nawaka moto.

"Na shamba?" nikamwuliza. "Mbona hukumtajia shamba? Mbona hukumwuliza mbele ya wale wakwe zake wote?"

"Shamba ana karatasi zake na askari wake," akasema. "Kwa wimbo hana kitu."

"Mimi nataka shamba."

"Najua," akasema. "Una haki ya kutaka."

Juma lililofuata alianza tena kuimba, kwanza akipiga pasi, halafu na wanawake wa mtaani. Walipata kuitwa kwenye arusi za Huruma na hata mtaa wa Langas. Nilienda nao nikiwa na nafasi, na muziki umebaki kuwa kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Lakini mimi si mama. Aliondoka duniani akiwa ametulia. Kila msimu wa ngano napita barabara ya Soy, na wana wa baba mkubwa wakiwa wanavuna hunipungia mkono kutoka juu ya mashine. Siwajibu.